Visigino Kwenye Ngazi

Kazi yangu ni udobi, na dobi huona mengi ambayo wenyewe hawakutaka yaonekane. Najua nani mtaani kwetu anatoka jasho la woga, nani anajipangusa mdomo kwa mkono wa shati, nani amerudiana na mkewe. Sijawahi kumcheka mtu. Nguo ikichafuka hufuliwa, yakaisha. Aibu niliyonayo mimi bado haijapata sabuni yake, na ndiyo ninayotaka kuisema hapa kabla sijajitafutia sababu ya kunyamaza.

Dada yangu amenizidi miaka kumi na mbili. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano, na aliyenivalisha, akanichapa, akanipangusa kamasi, ni yeye. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, yule unayemsikia akisema "subiri nakuunganisha." Alipofika miaka arobaini macho yakaanza kumzimika, ile presha ya macho, kidogo kidogo mpaka giza likatimia. Kazi hakuiacha. Opereta anahitaji masikio na vidole, na hivyo alikuwa navyo mpaka vya kumwazima mtu. Alistaafu kwa heshima zote. Mimi ndoa yangu ilidumu miaka minne, mwenzangu akachoka na harufu ya wanga wa kukazia nguo, akaita teksi, akaondoka. Tangu hapo tuko wawili, dada na mimi, nyuma ya duka langu la kufulia.

Starehe yetu ni moja: picha za zamani za Hollywood. Sisemi hizi za siku hizi, gari linalipuka kabla hujakaa vizuri. Nasema zile nyeusi na nyeupe, mwanamume anavaa suti kwenda kununua sigara, mwanamke analia nusu saa na wanja wake haujasogea. Dada alizitazama kwa macho yake ujanani, kwenye ukumbi wa sinema, mimi nikiwa nimelala mapajani mwake. Kwa hiyo nyuso anazijua, na kwake mastaa wale hawazeeki. Majina yao ya kweli tunayo, lakini tunawaita walivyoitwa na watu wa viti vya mbele. Stelingi wetu ni Bwana Nyusi, mwenye nyusi nene ambazo ziliweza kuigiza peke yake mdomo ukiwa umefungwa. Yupo Mama Mabega, anayeingia chumbani kama mtu aliyekuja kukidai. Na yupo Meno, adui wa kudumu, aliyekufa picha thelathini na hajakoma.

Maneno yao dada anayasikia kuliko mimi. Miaka thelathini ya simu si mchezo. Anachokosa ni kuona, na hapo ndipo nilipokuwa naingia. Kila Jumamosi saa kumi alasiri nafunga duka, nachemsha chai, nawasha televisheni, nakaa kuliani kwake na kumsimulia yasiyosemwa.

"Nyusi ameingia. Koti refu. Kofia hajavua, amekasirika."

"Nyusi gani imepanda, ya kushoto au ya kulia?"

"Ya kushoto."

"Basi hajakasirika huyo. Anajidai tu."

Tunacheka mpaka chai inapoa. Nikisema kweli, sijawahi kuwa mtu wa maana mahali popote duniani isipokuwa kwenye kile kiti.

Halafu akaja fundi saa.

Duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, kibanda cha kioo chenye taa moja na kiti kimoja. Mjane, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Alianza kwa kuitengeneza saa ya dada. Aliing'oa kioo, akapunguza makali ya mishale, ili dada aguse kwa kidole ajue ni saa ngapi. Dada alifurahi siku tatu. Mazungumzo yakafika kwenye picha, ikagundulika fundi anazo diski zaidi ya mia, kazipanga kwenye boksi kwa jina la stelingi. Dada akamkaribisha Jumamosi. Mimi sikuulizwa.

Miezi ya mwanzo haikunisumbua. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kimya, na mimi nikasimulia. Lakini siku moja Mabega aliingia na gauni refu, nami nikasema kama ninavyosema siku zote, "Amevaa gauni zuri." Fundi akakohoa. Akasema taratibu, "Vifungo kumi na vinne mgongoni. Cha tatu kutoka juu amekiruka. Amevaa kwa haraka, hana wa kumfunga."

Dada aligeuza uso kumwelekea. Nilimwona. Tangu macho yamzimike sikuwahi kumwona akigeukia kitu kwa namna ile. "Hana wa kumfunga," alirudia, akacheka kidogo, peke yake. Mimi na gauni langu zuri tukabaki tumekaa pale.

Usiku ule, wakati naosha vikombe, akaniuliza, "Fundi anafanana na nani?"

Fundi ana nyusi. Sitanii. Ukimfunika mdomo na pua ukaacha zile nyusi, ni Bwana Nyusi mwenyewe ametoka kwenye skrini. Kila mteja wangu aliyewahi kutazama picha zile alishalisema jambo hilo. Nami nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Anafanana na Meno."

"Maskini," dada akasema. "Na sauti yake nzuri vile."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na wa kwanza ukishapita mlangoni huwa hauufungi nyuma yake.

Wiki mbili baadaye fundi alikuja dukani kuchukua shati lake. Alisubiri mteja mwingine atoke. Kisha akaweka kwenye meza yangu diski iliyofungwa kwa karatasi ya kaki, kingo zimekunjwa sawasawa kama kitambaa cha hospitali.

"Jumamosi hii sitakuja," akasema. "Hii itazameni nyinyi wawili. Mwambie Dada mwisho wa picha hii ndio swali langu kwake. Akiupenda, aniambie. Asipoupenda pia aniambie, sitauliza tena. Mimi kusema ana kwa ana siwezi, ndugu yangu. Nimejaribu."

Masikio yalimwiva. Mtu wa miaka sitini na mbili! Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ujumbe niliufikisha, lakini niliukata. Nilimwambia dada, "Fundi anauliza kama utaupenda mwisho." Kile cha kusema mwisho ndio swali nilikimeza. Nilijiambia nitakisema baada ya picha.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo liliniuma zaidi. Nyusi ni fundi wa piano anayekaa ghorofa ya chini. Juu yake anakaa Mabega, mjane, mwenye redio ya kelele. Miaka miwili wanagombana kwa kugonga dari na sakafu. Anatokea tajiri wa kumwoa Mabega, naye anakubali kwa kuwa amechoka kuwa peke yake. Siku ya kuondoka teksi iko nje, injini inanguruma. Mabega anashuka ngazi na masanduku. Nyusi amesimama kwenye mlango wake. Na hapo, mpaka mwisho, hakuna anayetamka neno hata moja.

Hilo ndilo lililoniponza. Kungekuwa na neno, dada angelisikia.

Mabega alitoka nje, akampa dereva wa teksi noti, akamwashiria aende. Teksi ikaondoka tupu. Akarudi ndani, akapanda vile vidato vitatu vya mlangoni, akaweka masanduku chini mbele ya mlango wa Nyusi. Nyusi akasogea pembeni, akampisha. Mlango ukafungwa.

Nami nilisema hivi: "Amepanda teksi. Ameondoka. Nyusi amebaki mlangoni anatazama barabara."

Dada alikuwa ameinamisha kichwa. "Na huyu anayepanda ngazi nani?"

"Mpangaji mwingine."

"Na muziki huu? Kama wa harusi."

"Hawa watu ndio walivyo. Hata msibani watapiga tarumbeta."

Muziki ukaisha, televisheni ikanyamaza. Nilikuwa nasubiri anigombeze, na angenigombeza ningesema yote, naapa. Badala yake alinyoosha mkono, akanipapasa bega, mara mbili, kama alivyokuwa akinifanyia nikianguka nikiwa mdogo.

"Basi mwambie fundi," akasema, "mwisho huo sikuupenda."

Kesho yake nikavuka barabara. Fundi alikuwa na lenzi yake jichoni na skrubu ndogo kwenye kibano. Nikamfikishia neno kwa neno, kama mjumbe mwaminifu. "Dada anasema mwisho huo hakuupenda."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Skrubu ikaanguka. Hakuitafuta. Alinishukuru, akaniuliza hali ya biashara, nami nikamjibu biashara nzuri. Nilipovuka kurudi miguu ilikuwa myepesi, na ule wepesi ndio unaonichoma mpaka leo kuliko uongo wenyewe.

Kwa nini? Nimejiuliza nikiwa napiga pasi, na pasi haina papara, inakupa muda. Niliogopa. Nina miaka hamsini, na niliogopa kubaki peke yangu Jumamosi saa kumi, nikijisimulia mwenyewe gauni zuri. Nilichukua maisha ya mtu aliyenilea nikayafanya fimbo ya kutembelea. Hakuna jina zuri la jambo hilo.

Fundi hakuja tena. Dada aliuliza Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Ana kazi nyingi," nilisema. Ya nne hakuuliza. Aliketi akigusa mishale ya saa yake wakati mimi nasimulia, na siku nyingine picha iliisha yeye hajacheka hata pale Meno alipotumbukia kisimani.

Mwezi wa tatu nikaona karatasi kwenye kioo cha fundi: anafunga, wenye saa zao waje kabla ya Jumapili, anahamia kwa binti yake mji mwingine. Siku hiyo hiyo, Alhamisi, akaja dukani na boksi. Diski zote, zaidi ya mia.

"Mpe Dada," akasema. "Kule niendako sina wa kutazama naye." Na juu ya boksi akaweka shati jeupe. "Hili ni la safari. Ukipata nafasi."

Nililifunika boksi kwa mashuka ya wateja, nikaliingiza ndani, nikalisukuma chini ya meza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na dada yangu hakujua nguo hiyo ni mimi. Alikuwa anakunja taulo. Akasimamisha mikono.

"Kuna harufu ya mafuta ya saa humu ndani."

"Ni shati la fundi."

"Shati halinuki hivyo. Umeleta nini?"

Basi nikakaa sakafuni. Kwa nini sakafuni sijui, viti vilikuwepo. Nikasema yote. Nikasema teksi ilikwenda tupu. Nikasema mwisho ulikuwa swali. Nikasema alivyoangusha skrubu. Sikuweza kumtazama, na huo nao ni ujinga, kwa sababu yeye hakuwa ananiona.

Alimaliza kukunja taulo aliloanza.

"Visigino," akasema. "Teksi ilikwishaondoka, na visigino vya Mabega vikapanda ngazi. Namsikia Mabega akitembea tangu nina miaka kumi na saba. Ulisema mpangaji. Mpangaji gani kaazima miguu yake?"

"Ulijua?"

"Nilijua umenidanganya. Nisichojua ni kwa nini. Nikafikiri umekumbuka mkeo, ile teksi yake, umeshindwa kuona nyingine ikirudi tupu. Nikakuhurumia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lile bega nililopapaswa lilianza kuniwasha kama limemwagiwa maji ya pasi.

"Ndiyo maana nikasema mwisho *huo* sikuupenda. Ule wako. Nilijua fundi akisikia atashangaa, atauliza mwisho gani, Jumamosi atakuja akurekebishe kwa ule upole wake. Ule wa kweli niliusikia. Niliupenda sana."

"Hakuuliza."

"Hakuuliza kwa sababu alikuamini." Sauti yake ilianza kupanda, na dada yangu si mtu wa kupandisha sauti. "Miaka thelathini nimekaa kwenye laini za watu. Nimesikia waume wakidanganya wake, nimesikia wakubwa wakila njama, nimesikia mtu akiambiwa mwanawe amefariki. Sikuwahi kukata laini ya mtu. Hata mara moja. Hata ya mtu niliyemchukia. Na wewe umekata yangu."

Nilitaka kusema nisamehe, nikaona hata hilo ni kumpa kazi nyingine.

"Leo Alhamisi," akasema. "Keshokutwa saa kumi mlete. Usimweleze kitu. Utasema mbele yangu, kwenye kiti kilekile, kwa picha ileile."

Ijumaa nilipiga pasi shati lile jeupe. Shati moja, saa nzima. Kola niliirudia mara nne. Nilipompelekea na kumwambia dada anamwita kesho, alibaki na shati mikononi akinitazama. "Baada ya kusema vile?" akauliza. Nikamwambia aje tu. Sikuweza kusimama pale zaidi ya hapo.

Alikuja amelivaa. Alikaa kiti chake cha mlangoni. Dada katikati, mimi kuliani. Nikaweka ile diski, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisimulia picha kama inavyostahili: vifungo, vumbi juu ya piano, kikombe kilichovunjika mpini. Nilikuwa najua kinakuja nini, na jasho lilinitoka mpaka kwapa zikalowa. Yangekuwa mashati ya mteja ningejua mara moja hilo ni jasho la nini.

Teksi ikanguruma. Mabega akashuka na masanduku.

"Anatoka nje," nikasema. Nikaanza upya. "Anatoka nje. Anampa dereva pesa. Teksi inaondoka, haina mtu ndani. Mabega amebaki barabarani. Sasa anarudi. Huyo ni yeye, hivyo ni visigino vyake, hakuna mpangaji mwingine katika nyumba ile. Ameweka masanduku chini. Nyusi amempisha. Wameingia wote wawili."

Muziki ukapanda. Fundi alikuwa amegeuka kunitazama mimi, si skrini. Alikuwa ameelewa, mtu anayefanya kazi na vitu vidogo hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo mwisho alioukataa—"

"Ulikuwa wangu," nikasema. "Wako hakuwahi kuupata."

Afadhali angenitukana. Alivua miwani, akaifuta kwa lile shati nililolipiga pasi. "Mara mbili nilivuka barabara nije kuuliza," akasema. "Nikarudi. Nikasema mtu mzima hakataliwi mara mbili."

"Fundi anafanana na nani?" dada akaniuliza, uso umeelekea mbele.

Nilidhani hilo amelisahau. Hasahau kitu, yule.

"Anafanana na Nyusi," nikasema. "Nyusi zilezile. Kila mtu mtaani anajua. Mimi ndiye niliyekuficha."

Alivuta pumzi kwa pua, akaitoa. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kazini, ile ya adabu isiyo na mlango, "Asante. Sasa toka nje. Hapa hatuhitaji msimuliaji."

Nikatoka. Nilisimama uani, mashuka ya hospitali yamejaa kwenye kamba, nikasogea karibu na dirisha. Najua, si adabu. Pazia lilikuwa limefungwa. Nikasikia kiti cha mlangoni kikiburuzwa sakafuni. Nikasikia viatu, hatua tatu, nne. Fundi akasema kitu kifupi, nikasikia sauti tu bila maneno, na baada yake kimya kirefu mpaka nikaanza kuhesabu vibanio kwenye kamba. Nikajiuliza yuko wapi sasa, amesimama au amepiga magoti, na uso wa dada ukoje. Hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Halafu dada akacheka. Kicheko kile cha gauni.

"Kumbe nene kweli, nyusi hizi," akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikashika ukingo wa shuka lililo karibu, nikagundua bado ni bichi.